Kutoka Disemba Hadi Aprili: Kuomba Nafasi ya Uzamivu wa Historia na Kungojea Jawabu

Zamani suali tulilokuwa tukiulizwa zaidi na vijana wa familia zilizorudi Oman kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara lilikuwa la nasaba: babu yetu alitoka mji gani, na alivuka bahari mwaka gani. Siku hizi limezuka jengine. Kijana amemaliza shahada ya kwanza, pengine na ya pili, na anataka kusoma historia ya watu wake mpaka uzamivu, yaani udaktari wa falsafa. Anauliza aanzie wapi, na akishapeleka maombi anauliza kwa nini jawabu linachukua miezi mizima. Wazee wake nao wana suali lao, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya chakula cha Ijumaa: kwa nini historia, na si uhandisi wa mafuta? Tutajaribu kuyajibu mawili ya mwanzo, na la tatu tutaligusa njiani.

Kungojea barua ya masomo kutoka mbali si jambo geni kwetu. Waliosoma skuli Unguja katika zama za Waingereza wanaukumbuka mtihani wa Cambridge. Karatasi zilifungwa zikapelekwa Uingereza kusahihishwa, na matokeo yakangojewa kwa muda mrefu, na nyumba nzima ikawa na wahka. Baadaye wakawapo waliongojea barua ya Makerere, ambayo kuanzia 1949 ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na katika miaka ya 1950 wakawapo waliokwenda Cairo kwa msaada wa serikali ya Misri. Lakini mtihani wa Cambridge ulikuwa na alama. Aliyefaulu amefaulu, na aliyeanguka ameanguka, na hakuna aliyeuliza kama palikuwa na mwalimu wa kumfundisha. Nafasi ya uzamivu haitolewi hivyo, na familia nyingi hazilijui hilo. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani tangu skuli hurudishiwa barua tano za kukataliwa, na nyumbani ikadhaniwa kwamba ama ameficha jambo, ama ameonewa. Aghalabu hakuna hata moja kati ya hayo mawili.

Tuanze na Marekani, kwani utaratibu wake ndio mrefu na ndio unaowatatanisha watu zaidi. Maombi kwa kawaida hufungwa kati ya tarehe 1 na 15 Disemba. Ndani ya faili huwamo maelezo ya kurasa mbili hivi ambamo mwombaji anaeleza anataka kutafiti nini, sampuli ya maandishi yake ya kurasa ishirini au zaidi, barua tatu za walimu, matokeo ya vyuo alivyosoma, na mtihani wa Kiingereza kwa wanaotakiwa kuufanya. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiwatisha watu, idara nyingi za historia zimeuacha. Faili hilo halisomwi na ofisi kuu ya chuo. Husomwa na kamati ya walimu wachache wa idara yenyewe, watu ambao Januari hiyo hiyo wanafundisha, wanasahihisha na wana mafaili ya mamia ya waombaji mezani.

Kamati hiyo hujiuliza mambo matatu. Je, mtu huyu anaweza kazi? Je, hapa petu yupo mwalimu wa kumsimamia? Je, fedha zipo? Waombaji hulifikiria lile la kwanza tu, na huku mawili yaliyobaki ndiyo yanayowatoa wengi. Vyuo vizuri vya Marekani havimpokei mwanafunzi wa uzamivu wa historia ila vikiwa tayari kumbeba: ada, posho ya kuishi na bima ya afya kwa miaka mitano au sita, naye kwa upande wake asaidie kufundisha. Nafasi moja basi ni mzigo mkubwa wa fedha. Idadi ya nafasi hukatwa na wakubwa wa kitivo, wala si na walimu wanaosoma mafaili, na pengine hukatwa baada ya mafaili kwisha kusomwa. Ukichukua watakaosoma historia ya Marekani yenyewe, ya Ulaya, ya China na ya Amerika ya Kusini, zinazobaki kwa Afrika na Bahari ya Hindi huwa mbili, au moja, au mwaka huo hapana.

Mfano wa karibuni ni Boston University. Chuo hicho kina kituo cha masomo ya Afrika tangu 1953, na Kiswahili kimefundishwa hapo kwa miaka mingi. Novemba 2024 kilitangaza kwamba kwa mwaka wa masomo unaofuata hakitopokea wanafunzi wapya wa uzamivu katika kiasi cha masomo kumi na mbili ya fasihi, falsafa na jamii, historia ikiwemo. Aliyekuwa amejitayarisha mwaka mzima kwa ajili ya Boston alifungiwa mlango kabla ya kugonga. Wakati wa korona, 2020, idara nyingi za Marekani zilifanya vivyo hivyo kwa msimu mmoja. Tunayataja haya kwa ajili ya wazee khasa, ili barua ya kukataliwa ikifika isisomwe kama hukumu juu ya mtoto.

Tukirudi kwenye lile la pili, la msimamizi, hapa mwombaji ana uwezo wa kujisaidia. Njia iliyo bora ni kufuata vitabu. Soma kitabu kilichokukera au kilichokufurahisha juu ya historia yetu, kisha tazama mwandishi wake alisomea wapi na sasa anafundisha wapi. Abdul Sheriff aliandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha London, akaimaliza 1971, na kutokana nayo kikatoka 1987 kitabu cha Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, ambacho hakuna anayeandika juu ya karafuu na pembe bila ya kukipitia. Mohamed Reda Bhacker, mwanahistoria wa Kiomani, alitoka Oxford, na Trade and Empire in Muscat and Zanzibar kikachapishwa 1992; ni katika vitabu vya mwanzo vilivyoutazama utawala wa Waingereza kutoka upande huu wa pwani. Northwestern, karibu na Chicago, ina programu ya masomo ya Afrika tangu 1948, na Jonathon Glassman, mwandishi wa War of Words, War of Stones (2011), alifundisha hapo. Hapo ndipo aliposomea Nathaniel Mathews, ambaye 2024 ametoa Zanzibar Was a Country, kitabu kinachowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili, kwani ni historia ya waliotoka Unguja wakaja Ghuba. Fahad Bishara, Mkuwait, alisomea Duke, na A Sea of Debt kikatoka 2017. Thomas McDow alisomea Yale, na Buying Time kikatoka 2018.

Tumewataja hawa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya manufaa: wanafunzi wa walimu hao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, ndio walioko leo katika vyuo ambavyo mtoto wako ataviomba. Ya pili inatuuma kidogo. Ukiitazama orodha hiyo na nyengine kama hiyo, utaona kwamba historia ya familia zetu imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza Kiswahili na Kiarabu ukubwani, kwa bidii na kwa gharama, na wakaenda Kilimani, Unguja, wakakaa na nyaraka mwaka mzima. Hatuna haja ya kuwalaumu. Wamefanya kazi. Lakini lugha zote mbili tumezikuta nyumbani, na masanduku ya hati yako chini ya vitanda vya bibi zetu, na wanaoingia vyuoni kutoka kwetu ni wachache.

Na hapa inatupasa tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Maelezo mengi ya vijana wa familia zetu huanza na Januari 1964 na huishia hapo hapo. Mwombaji anaeleza yaliyompata babu yake, nyumba iliyochukuliwa, shamba lililogawanywa, ndugu walioangamia, safari ya jahazi au ya ndege kuja huku baada ya 1970, kisha anasema anataka kuandika ukweli. Maumivu hayo ni ya kweli na hatuna haki ya kuyapunguza. Lakini kamati haimpi nafasi mtu aliyekwisha kuijua hukumu yake, wa upande wowote awe. Inampa mtu mwenye suali ambalo jawabu lake bado halijui. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na ni kubwa katika faili. "Nataka kuthibitisha kwamba tulidhulumiwa" ni dai. "Familia zilizotoka Unguja bila ya kitu zilipofika Maskati, ni mikopo gani, ndoa gani na kazi gani zilizowasimamisha tena, na nani walibaki nje ya mambo hayo?" ni utafiti. Na kijana anayeuliza hilo la pili hatojikuta amemsahau babu yake. Atakutana naye njiani, katika daftari la mtu.

Vivyo hivyo kwa utumwa. Tumeona rasimu zinazozungumza mashamba ya karafuu kutoka mwanzo mpaka mwisho na ndani yake hamna mtu mmoja aliyepanda mkarafuu. Msomaji wa kamati huliona pengo hilo katika ukurasa wa kwanza. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba 1897, waliolipwa fidia walikuwa mabwana, na madai yao yaliandikwa na mengine yamehifadhiwa. Katika jamaa zetu wenyewe wapo wanaotokana na pande zote mbili za karatasi hizo, na pengine katika nyumba moja. Mwombaji anayelikabili jambo hili mwenyewe, kabla ya kuulizwa, ana nguvu zaidi kuliko anayelizunguka.

Sasa tutoe mfano wa namna ambavyo sanduku la nyumbani linaweza kuzaa suali la utafiti, kwani hili ndilo tunaloulizwa zaidi na walimu wa historia wanaotaka kuwasaidia vijana. Tuseme familia ina waraka wa Kiarabu, wa mwisho wa karne ya kumi na tisa, unaosema kwamba babu kamuuzia mfanyabiashara wa Kihindi shamba lake la Pemba kwa riali kadha wa kadha. Nyumbani hadithi ni moja: babu aliuza shamba, na alikuwa mtu asiyejua thamani ya mali. Ukiusoma waraka vizuri unakuta neno khiyari. Hii ni bei ya khiyari. Muuzaji anachukua fedha na anabaki na haki ya kulikomboa shamba akirudisha fedha hizo ndani ya muda waliokubaliana. Mara nyingi huendelea kukaa humo humo na kulipa kodi kwa yule aliyelinunua. Kwa maneno mengine babu hakuuza. Alikopa, na shamba ndilo lililowekwa dhamana, na kodi ile ilisimama mahali pa faida ambayo sharia haikuiruhusu kuitwa kwa jina lake. Hati za namna hii zilisajiliwa kwa maelfu, na ndizo walizozifanyia kazi Bishara na McDow.

Kutoka hapo masuali hufunguka yenyewe. Kwa nini babu alihitaji fedha mwaka ule: bei ya karafuu ilianguka, au alikuwa akitayarisha msafara wa bara, au alikuwa akimwozesha binti? Nani walikuwa mashahidi, na kwa nini mmoja wao anaitwa kwa nisba ya kabila na mwengine kwa jina la kazi? Kadhi gani aliandika? Ililipwa? Jamaa waliobaki Oman, Sharqiya au Nizwa, walikuwa na sehemu katika deni lile? Kijana mwenye waraka mmoja kama huo na uwezo wa kuusoma ana sampuli ya kurasa ishirini ambayo hakuna mwombaji mwengine duniani atakayeileta. Kilichobaki ni kuonesha kwamba amesoma waliomtangulia na anajua wapi atazipata hati nyengine: Nyaraka za Taifa Zanzibar, na London, ambako Kew inahifadhi mafaili ya Foreign Office ya Maskati na Zanzibar katika fungu la FO 54. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za India Office kuhusu Ghuba zimewekwa bure katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar tangu 2014, na mtu aliyeko Seeb au Ruwi anaweza kuzisoma usiku akiwa na chai yake.

Juu ya lugha tutasema kwa ufupi. Kiswahili cha nyumbani ni mali, lakini kamati haikisikii. Wengi wa vijana wetu wanakizungumza vizuri na hawajapata kusoma ukurasa mzima kwa Kiswahili, wala barua ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Asome, aandike, apate mwalimu atakayelithibitisha hilo kwa maandishi. Kiarabu cha chuoni nacho hakitoshi kusoma mkono wa karani wa 1880. Hilo hujifunzwa kwa kukaa na mtu anayeujua, na wanaoujua hapa Maskati bado wapo.

Barua za walimu ndizo zinazowaangusha wengi kimya kimya. Mwalimu wa huku, kwa adabu zetu, huandika kwamba mwanafunzi ni mwenye heshima, mwenye bidii, wa familia njema, hakosi darasani. Kwa Kiarabu ni barua ya fahari. Kwa kamati ya Marekani ni ukurasa mtupu, na wengine huisoma kama onyo kwamba mwalimu hakuwa na la kusema. Wanachotafuta ni mfano: aliandika kazi gani, alibishana na kitabu gani, aliona nini ambacho mwalimu mwenyewe hakukiona. Si utovu wa adabu kumpelekea ustadh nakala ya kazi yako na ukumbusho wa kurasa moja wa mambo uliyoyafanya darasani kwake. Mpelekee mapema, Septemba, wala si wiki ya mwisho ya Novemba.

Uingereza ni njia nyengine. Huko mwombaji hutakiwa awe na shahada ya pili na andiko kamili la utafiti, na amwandikie msimamizi kabla ya kuomba. SOAS humsajili kwanza kwa MPhil, kisha humpandisha akishapimwa. Masomo ni miaka mitatu au minne, mafupi kuliko sita au saba ya Marekani, lakini kupokelewa ni jambo moja na kulipiwa ni jambo jengine. Mtu huweza kupata barua ya kukubaliwa Februari akabaki hana senti. Hapa pasipoti ndiyo inayoamua, na hapa ndipo familia zilizogawanyika pande mbili za bahari hushangaa. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, Oman haimo. Kwa hiyo mtoto wa ami aliyebaki Dar es Salaam anaweza kuomba msaada wa Madola kwa uzamivu wa Uingereza, na huyu wa Maskati hawezi. Naye huyu wa Maskati anaweza kuomba misaada ya serikali ya Oman, ambayo yule hana njia ya kuifikia. Nchi zote mbili hazikubali uraia wa nchi mbili, basi hakuna ujanja wa kuzunguka. Chevening, ambayo watu huiuliza sana, ni kwa shahada ya pili tu.

Ujerumani, Bayreuth na Leipzig wana Kiswahili na wana historia ya Afrika, na nafasi nyingi huko hutangazwa kama kazi, wakati wowote wa mwaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tusikisahau, chuo kilichojijengea jina katika historia ya Afrika tangu enzi za Kimambo na Rodney. Gharama zake ni ndogo, na mtu huwa karibu na nyaraka. Akumbuke tu kwamba Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, mbali na ule wa COSTECH wa Bara.

Kabla ya kujiandikisha popote, aulize wizara ya elimu ya juu hapa Oman kama chuo na aina ya masomo vinatambuliwa, khasa ikiwa ni masomo ya masafa. Wapo waliolikumbuka hili wakiwa tayari wameshika shahada mkononi.

Ada za maombi nazo si ndogo. Vyuo vya Marekani hutoza kwa kawaida baina ya dola 75 na 125 kila kimoja. Anayeomba vinane kwa wastani wa dola 100 ametoa dola 800, ambazo ni kiasi cha riali 308, kabla ya mtihani wa Kiingereza. Vyuo vingi husamehe ada kwa anayeomba msamaha na kueleza sababu. Aombe. Hakuna anayemdharau.

Kisha huja kungoja. Baada ya Disemba hakuna khabari. Baadhi ya idara hupiga simu ya video mwisho wa Januari au Februari, nyengine hazimpigii mtu yeyote, na kutopigiwa si dalili. Majawabu huanza kutoka Februari na huendelea mpaka katikati ya Machi. Maskati iko mbele ya New York kwa saa tisa wakati wa baridi, na kwa saa nane wao wanaposogeza saa zao Machi, basi barua inayoandikwa kule saa tisa alasiri hufika hapa saa sita za usiku. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na tunawajua waliosoma jawabu lao wakati wa daku, simu ikiwa kando ya sahani, na mama akitazama uso badala ya simu.

Waliokubaliwa huambiwa kwanza, kwa kawaida. Waliokataliwa huambiwa mwisho, kwa barua fupi isiyotoa sababu, na kuiomba sababu mara nyingi ni kazi bure. Katikati yao wapo wanaowekwa kwenye orodha ya kungojea, na kimya kirefu cha Machi mara nyingi ndiyo maana yake. Vyuo vilivyotia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools haviwezi kumlazimisha mtu aliyepewa ufadhili ajibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo mwenye nafasi nne anaweza kuzishika zote mpaka siku hiyo, na watatu wengine wakabaki wanakodoa macho. Nafasi za orodha ya kungojea hufunguka katika wiki ya mwisho, na pengine katika saa za mwisho.

Kwa jamaa tuna ombi. Msimuulize kila Ijumaa. Akiwa na khabari atasema. Na msilitangaze jambo barzani kabla halijawa, kwani kijana hubeba kukataliwa kwake na juu yake hubeba maelezo atakayowapa watu thalathini. Kuomba mara ya pili ni jambo la kawaida kabisa. Wapo walioingia mara ya tatu, katika idara ile ile iliyowakataa, kwa sababu mwaka huo alikuwapo mwalimu aliyekuwa likizo au fedha zilipatikana.

Miezi hiyo minne ina kazi yake nyengine, na hapa tunawasemesha wote, aliyeomba na asiyeomba. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Januari 1964 sasa amevuka 80. Waliokuwa makarani wa forodha, mabaharia wa majahazi ya musimu, walimu wa vyuo vya Qur'ani vya Ng'ambo, wanawake waliouza dhahabu zao kidogo kidogo ili watoto wasome Cairo au Kuwait, wanakwisha. Kamati haiharakishwi, na mzee hacheleweshwi. Kaa naye na kinasa sauti cha simu, umwombe idhini kwa maneno na idhini hiyo iwe imenaswa, umuulize kwanza mambo madogo: bei ya samaki, jina la nahodha, nani alilala chumba gani. Makubwa atayafikia mwenyewe akitaka, na asipotaka mwache. Andika tarehe na mahali. Weka nakala mbili, moja isiwe ndani ya simu.

Hati zipigwe picha pande zote mbili, kwani mgongoni ndipo yalipo majina ya mashahidi na maandishi ya kukombolewa kwa deni. Zisitiwe plastiki ya moto, zisibandikwe gundi. Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu, iliyoundwa 2007, hupokea na kusajili nyaraka za watu binafsi na imekuwa ikikusanya masimulizi ya wazee. Familia iulize mapema nani atakayeruhusiwa kuzisoma na kwa masharti gani, na ijibiwe kwa maandishi. Ndugu wakubaliane kabla, maana tumeshuhudia sanduku moja likigawanywa baina ya nyumba tatu kama urithi, na kila nyumba ikabaki na nusu ya hadithi.

Suali la wazee, la kwa nini historia, tuliahidi kuligusa. Kazi za ualimu wa historia katika vyuo vya Marekani ni chache na zinapungua, na hatumfichi mtu. Anayerejea huku ana vyuo vya hapa, ana makumbusho na nyaraka, lakini hana ahadi. Nafasi yenye ufadhili kamili angalau haimwachii deni, na hiyo ndiyo sababu tunawashauri vijana wasikubali kuingia uzamivu kwa fedha za kuuza kiwanja cha familia, hata chuo kiwe na jina gani.

Aliyepata nafasi zaidi ya moja azikatae zile asizozitaka mara tu anapoamua, asingojee tarehe 15. Mistari miwili kwa barua pepe inatosha. Nafasi za Afrika na Bahari ya Hindi ni moja au mbili kwa kila idara, na anayeingojea hiyo unayoiachia huenda ni mtoto wa jirani yako wa Al Khoudh.